Niliihamisha Meza ya Mama Mapendo

Chraaa!

Hiyo ni sauti ya kitenge kikichanwa. Ukishika pindo kwa meno, ukavuta kwa mkono, kitambaa kinalia hivyo. Mpaka leo nikipita kwa fundi cherehani hapa Gungu nikaisikia, nasimama njiani, nasahau nilikuwa nimetumwa nini.

Ndugu zangu mnaosoma, nimekosa. Simtafuti wa kunitetea. Jina langu sitaliandika, maana Kigoma ni ndogo na mama yangu mzazi bado anakwenda sokoni kusalimiana na watu. Lakini nilichofanya nitakieleza chote, na mwandiko mnivumilie, niliishia kidato cha pili.

Nilimpotezea mama mtoto wake. Sikumwibia, sikumpiga, sikumroga. Nilihamisha meza tu. Meza ya mbao, ya kuuzia samaki!

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Maboti yanatoka ng'ambo, Kongo, yanashusha watu ufukweni Kibirizi wakiwa na magodoro kichwani, kuku mkononi, wengine mikono mitupu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mbembe wa huko huko, kwa hiyo siku Mama Mapendo alipofika mlangoni kwetu akataja ukoo wake, mama yangu hakuuliza mara mbili. Akamwambia, "Pita ndani, dada. Kambini utakwenda ukishapata nguvu."

Nguvu akapata, kambini hakwenda. Akawa wetu.

Alikuja na sufuria moja na kitenge alichojifunga. Kitenge cha njano chenye ndege wa kijani. Siku vita ilipoingia kijijini kwao alikuwa amemtuma binti yake, Mapendo, mtoni kuchota maji. Milio ikaanza, watu wakakimbilia ziwani, wanaume wakamsukumiza kwenye boti. Alipiga kelele kwamba mtoto yuko nyuma, lakini boti zima lilikuwa linapiga kelele hizo hizo. Mapendo alikuwa amevaa gauni lililoshonwa kwa kitambaa kile kile cha mama yake. Jora moja.

Nguvu zilipomrudia, alimwomba mama yangu vitu viwili: karai na chupa ya mawese ya kuanzia. Akaenda kuweka meza Kibirizi, pale pale yanapofungwa maboti ya ng'ambo. Migebuka ya kukaanga na muhogo wa kuchemsha. Mimi nikawa msaidizi wake. Naparua magamba, nachochea moto, nacheka na wateja.

Na nilikuwa nacheka kweli! Nilikuwa msichana wa ndoto nyingi. Kila nilichokiona, nakiona kesho yake. Nikiona meza naona mgahawa wenye feni na vitambaa mezani. Namwambia Mama Mapendo, "Mama, tutakuwa na wahudumu waliovaa sare!"

"Na weye utakuwa unafanya nini?"

"Mimi natembea tu katikati, nasimamia."

"Na viatu vya kwa-kwa-kwa?"

"Vya kwa-kwa-kwa!"

"Basi siku hiyo miye nitakuwa mubovu wa masikio," anasema, anageuza samaki.

Alikuwa ananiita "mwanangu". Likumbukeni hilo neno.

Sasa niwaambie namna yake ya kuuza. Kwao huwezi kununua kitu bila kuongezewa kidogo juu. Wanaita matabishi. Ukinunua samaki mkubwa, unapewa na kadogo. Mama Mapendo alikuwa anakafunga kale kadogo peke yake ndani ya jani la mgomba. Halafu anashika upande wa kile kitenge chake, meno hapa, mkono kule, chraaa! Anapata ukanda mwembamba, anafungia lile jani.

Kisha anamshika mteja mkono. Hasa waendesha boti na wachuuzi wanaorudi ng'ambo. Anawaambia, "Samaki kula weye. Kitambaa upeleke. Funga kwenye mukono, funga kwenye boti, funga kwenye muzigo, popote. Mutu akikuuliza umekitoa wapi, mwambie mama yake yuko Kibirizi, kwenye meza ya samaki. Hajaondoka. Anamungoja."

Kila mteja. Kila siku. Maneno yale yale, kama mtu anayesali. Kitenge kikawa kinapungua, mwisho akawa anajifunga khanga ya mama yangu, na kile kimebaki kama kitambaa cha kichwani.

Mimi nilikuwa najua yote hayo. Sitaki mtu aseme sikujua.

Likaja shirika moja likaleta semina ya ujasiriamali kwa vijana. Tulikaa ukumbini, tukapewa soda na andazi, na mwalimu mmoja kijana amevaa shati limenyooka, anaongea mpaka unasikia damu inachemka. Akasema, "Ujasiriamali si kazi ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ujasiriamali ni maisha!" Tukapiga makofi. Akasema mfuate mteja mwenye hela mahali alipo, usimsubiri. Akasema kinachotoka bure kinakula mtaji. Akasema siri ya biashara yako jirani asiijue, maana jirani ndiye wa kwanza kukuiga.

Jamani, nilirudi nyumbani nakimbia! Nikamkuta Mama Mapendo anapepeta dagaa. Nikamwambia, "Mama, nimejifunza neno. Biashara si kazi, ni maisha!"

Akaacha kupepeta. Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa pole pole. "Huyo mwalimu amesema kweli," akasema. "Ni maisha. Njo vile kabisa."

Nikamkumbatia. Nikajua tumeelewana. Ole wangu! Neno moja, na kila mtu alikuwa amelishika upande wake.

Mvua za masika zilipokolea, Mama Mapendo akaugua. Ilianza malaria, ikaja mguu kuvimba, akawa hawezi hata kufika uani bila kushikwa. Aliniita akiwa amelala kwenye mkeka. Akanipa kile kitenge kilichobaki, akaniambia, "Mwanangu, usiache meza hata siku moja. Hata kama samaki hakuna, weye kaa pale. Waone kuna mutu."

Nikasema, "Mama, wewe pona tu. Meza niachie mimi."

Siku za mwanzo nilikwenda Kibirizi kama alivyosema. Nikakaanga, nikachana kitambaa, nikasema yale maneno. Lakini mdomoni mwangu yalikuwa mazito. Mwendesha boti mmoja akanikejeli mbele za watu: "Dada, kitambaa hiki nimeshapewa mpaka boti langu linafanana na mti wa mganga! Nipe samaki wangu niende."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, si kwa ubaya, "Huyo mtoto angekuwepo angeshakuja. Mwambieni mama apumzike."

Niliumia. Kweli niliumia kwa ajili yake. Nikajiambia, huyu mama anatonesha kidonda chake mwenyewe kila siku, na kitenge kinakwisha, na samaki wadogo wanakwenda bure. Mtu anayempenda ndiye anatakiwa amsaidie kusahau kidogo. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na nilijidanganya vizuri, maana kulikuwa na mapenzi ndani yake.

Siku hiyo hiyo akaja dada mmoja mtumishi wa serikali, mtu wa Moshi aliyehamishiwa kwetu, ameteremka kununua dagaa wa kupeleka kwao. Akala mgebuka wangu amesimama, akala mwingine. Akasema, "Mdogo wangu, huku shimoni mnafanya nini? Njooni Mwanga, kule juu mjini! Sisi ofisini mchana ni wali maharage, wali maharage, mpaka tunaota maharage."

Mfuate mteja mwenye hela! Nilimsikia mwalimu wa semina kabisa, kama amesimama nyuma yangu.

Kesho yake nikaleta mtu wa mkokoteni. Tukapakia meza, karai, ndoo. Jirani yetu wa pale ufukweni, Mama Shabani, muuza dagaa, Muha wa sauti kubwa, akaja anafuta mikono kwenye khanga.

"Yewe mwana! Meza inakwenda wapi?"

Sasa, Mama Shabani mwaka uliopita alituona tunauza muhogo, kesho yake na yeye akaweka muhogo. Nikaona nikimwambia Mwanga, keshokutwa tutakuwa naye Mwanga. Siri ya biashara jirani asiijue. Neno likanitoka kirahisi mno, kama nililipanga:

"Mama Mapendo amechukuliwa. Kambini. Biashara imekwisha."

Wakati ule maafisa walikuwa wanapita kuwakamata wakimbizi waliokaa nje ya kambi. Kila mtu alikuwa ameshaona mtu anapandishwa gari. Hakuna aliyenitilia shaka.

Mama Shabani akashika mdomo. "Kambi gani?"

"Sijui. Huko huko Kasulu, sijui."

Yule mama alilia, ndugu zangu. Alilia machozi, akaenda kwenye turubai lake akajaza dagaa kwenye mfuko, wale wazuri, wa juu. Akanipa. "Ukipata mtu wa kwenda huko, umpelekee. Mwambie Kibirizi tunamlilia."

Nilichukua. Nikawauza Mwanga.

Hapo mnaweza kuacha kusoma mkitaka. Mimi mwenyewe nikifika hapo nataka kuacha kuandika.

Mwanga mambo yalikuwa moto! Mchana watumishi wanapanga mstari, mashati meupe, wananiita "mjasiriamali". Hakuna matabishi, hakuna majani ya mgomba, hakuna hotuba. Samaki kwenye mfuko wa rambo, chenji, karibu tena. Kile kitenge nilikikunja nikakiweka chini ya begi langu la nguo.

Jioni narudi, namkuta Mama Mapendo amejiegemeza ukutani anaukanda mguu.

"Watu wa ng'ambo wamekuja leo?"

"Wamekuja wengi."

"Umewapa kitambaa?"

"Nimewapa, mama."

"Na maneno?"

"Na maneno."

"Mungu akubariki, mwanangu." Analala.

Alikuwa akilala usingizi mzuri siku zile. Usingizi niliompa mimi, wa uongo.

Nilikuwa nawaza siku atakayopona. Nilitengeneza na kibao! Fundi rangi akaandika kwa herufi nyekundu: MAMA MAPENDO, SAMAKI WA KUKAANGA. Pembeni akachora samaki mwenye kope kama bibi harusi. Nilijua atalia kwa furaha. Nilikuwa nimeshaamua hata mahali nitakaposimama wakati analia.

Siku ikafika, mguu ukawa unakanyaga. Nikamkodia baiskeli, mimi natembea pembeni, namwambia fumba macho. Alifumba! Mtu mzima vile, alifumba macho njia nzima, anatabasamu, anamwambia mwenye baiskeli, "Huyu mutoto ana mambo, huyu."

Mwanga nikamteremsha. "Fumbua."

Akaangalia meza yake. Akaangalia kibao. Nikamsomea. Akanyoosha kidole akagusa yale maandishi ya jina la binti yake, akayapapasa mpaka mwisho. Wateja wakaanza, "Shikamoo mama! Ndiyo mwenyewe huyu? Mama, samaki wako balaa!" Akawa anaitikia marahaba, marahaba, huku anacheka kwa haya.

Kisha akageuka akaniuliza, taratibu kabisa, "Na Kibirizi amebaki nani?"

"Hakuna. Tumehama, mama! Huku ndiko kwenye hela!"

"Mutu akija kuuliza?"

Na mimi mjinga bado nacheka. Bado najiona mjanja. Nikamnong'oneza sikioni, "Hawezi kutufuata mtu yeyote. Nimewaambia umechukuliwa kambini!"

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliipa meza mgongo. Halafu akaanza kutembea. Nikamwita, "Mama, mguu wako!" Hakugeuka. Akatembea kuteremka Kibirizi, mguu anauburuza, khanga inamvuka, mimi nyuma yake na aproni yenye mafuta, naacha samaki kwenye karai wanaungua.

Kufika ufukweni, Mama Shabani alimwona kwa mbali akapiga ukelele akaja mbio, akamkumbatia mpaka wakayumba wote wawili. "Umetoroka! Umewatoroka kambini!"

"Sijaenda kambini," Mama Mapendo akasema. "Nilikuwa mugonjwa. Nyumbani, Gungu."

Niliona uso wa Mama Shabani unabadilika. Furaha ilitoka kidogo kidogo. Akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akakaa chini mchangani.

"Mtoto wako alikuja," akasema.

Maboti yalikuwa yanapakuliwa pale, watu wanaitana, mzigo unapigwa chini. Lakini mimi nilisikia hayo maneno matatu tu.

"Lini?"

"Juzi. Alishuka na boti la wauza mawese. Ana ule ukanda wako, kaufunga hapa kwenye kifundo cha mkono. Ananionyesha, anasema, mama, meza ya samaki iko wapi? Nikajua ni yeye hata kabla hajasema. Meno yako, kila kitu chako. Tukamwambia..." Akajipiga kifua. "Tukamwambia mama yako amechukuliwa kambini! Alilia, tukalia naye. Wanawake wote hapa tukamchangia. Mimi nikamtafutia lori la kwenda Kasulu. Nikampandisha kwa mikono hii! Hii!"

Nilijua sasa nitapigwa. Nilitamani nipigwe. Mama Mapendo hata hakuniangalia.

"Alikuwa muzima?" akauliza.

"Mzima kabisa. Mrefu."

"Alikula?"

"Alikula. Nilimpa ugali na dagaa, akamaliza."

"Alimaliza," Mama Mapendo akarudia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu cha kushika. Akafunga khanga yake vizuri kiunoni. "Haya. Barabara ya Kasulu njo ipi?"

Tulikwenda, yeye na mimi na mama yangu. Tulipofika Kidahwe tukampata mwanamke anayechoma mahindi kando ya barabara. Alimkumbuka. Alisema lori lilisimama kabla ya kizuizi, abiria wasio na vibali wakashushwa, na binti mrefu mwenye kitambaa cha njano mkononi aliuliza kambi iko wapi. Kisha akaona gari la maafisa linakuja, akaogopa, akakimbilia mashambani pamoja na wengine.

"Upande gani?" mama yangu akauliza.

Yule mwanamke akaonyesha kwa gunzi. Mashamba, vichaka, milima. Upande wote.

Ilikuwa ndiyo mara ya mwisho mtu kutuambia amemwona.

Tulitafuta. Tuliuliza makanisani, misikitini, minadani. Tulisimama mbele ya zile mbao zenye picha za watoto waliopotezana na wazazi, Mama Mapendo anapitisha kidole uso kwa uso, anarudi mwanzo, anapitisha tena. Kambi zilikuwa nyingi, na bila kuandikishwa huruhusiwi kuzunguka humo. Basi akaamua kwenda kujiandikisha mwenyewe, amtafute akiwa ndani.

Mnaona? Nilisema Mama Mapendo yuko kambini. Ikawa kweli.

Asubuhi ya kuondoka alimshukuru mama yangu kwa karai, kwa khanga, kwa kila kitu. Mimi nilikuwa nimejibanza mlangoni. Akanisogelea, akaniaga kwa jina langu.

Jina langu. Tangu siku ile ya Kibirizi hakuniita tena mwanangu. Si kwa hasira. Nafikiri lilikuwa halimtoki tu. Nyie mtu asiwadanganye kwamba jina lako mwenyewe haliwezi kukuchoma.

Meza niliirudisha Kibirizi. Kibao nilikipasua kuni. Wanawake wa pale walikaa muda mrefu bila kunisemesha. Nasema "Mwakeye" asubuhi, wanaitikia wakiangalia ziwa. Mama Shabani alinisemesha wa kwanza, na alisema kitu kimoja: "Wale dagaa ulimfikishia?" Nikamwambia ukweli. Akatema mate mchangani, akaenda zake. Lakini mvua iliponinyeshea mchana ule akanirushia kipande cha turubai.

Miaka ikaenda. Vita ikapoa ng'ambo, zikaanza safari za kuwarudisha watu kwao kwa meli. Nikapata habari Mama Mapendo amejiandikisha kurudi. Alisema labda binti alishakamatwa akarudishwa, labda yuko kijijini anamngoja. Labda.

Nilikwenda bandarini siku yao. Walikuja kwa malori, watu na sufuria na baiskeli zilizofungwa kamba. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa na mvi. Nikampenyea mpaka pale walipopanga foleni. Nikapiga magoti pale pale kwenye saruji.

"Mama, nisamehe."

Watu wakageuka. Akanishika bega akaninyanyua.

"Simama, utachafua nguo. Nilishakusamehe."

"Si kweli, mama."

"Ni kweli. Mizigo yetu wameipima, haitakiwi kuzidi. Nitakubeba na weye, nitakuweka wapi?"

Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, kile cha zamani tukiparua samaki. Na mimi nikacheka, ndugu zangu, nikacheka huku kamasi zinanitoka, mpaka mtu wa foleni akasema sogea dada, sogea. Mama Mapendo akasogea na foleni. Hakuniita mwanangu. Nilisubiri mpaka mwisho.

Mpaka leo ninapoandika sijapata habari ya Mapendo. Kila anayekwenda ng'ambo namwagiza, na kila anayerudi namuuliza. Nimejua kuisema ile hotuba bila haya sasa, wakati haina faida.

Nyie wenzangu mnaojifunza biashara, mnaoandika ndoto zenu kwenye ukuta, sisemi muache. Mimi bado nauza, na bado nina ndoto, Mungu anajua. Lakini nawaomba, nawaomba kwa machozi: kabla hujaihamisha meza ya mtu, muulize anamngoja nani pale. Ukiona mtu anatoa bure kila siku na hachoki, usikimbilie kumwita mjinga. Muulize. Na uongo mdogo wa kumkwepa jirani, uache! Mimi nilidhani nimemdanganya Mama Shabani peke yake. Kumbe kuna mtoto alikuwa ndani ya boti, katikati ya ziwa, anakuja kuusikia.

Siku ile meli ilipong'oa nanga nilibaki gatini. Waliosindikiza wakaondoka, malori yakaondoka, wafagiaji wakawa bado hawajaja. Chini palikuwa na maganda ya ndizi, vipande vya kamba, na kandambili ya mtoto, mguu mmoja, ya bluu. Ilidondoka wakati wa kupanda, bila shaka. Mwenyewe alikuwa ameshakwenda na haikuwa na maana kuiokota.

Niliiokota. Nikaifuta matope kwa khanga yangu. Nikaipandisha juu ya ile nguzo ya chuma inayofungiwa meli, nikaigeuza ielekee ziwani, mahali ambapo mtu akija atakiona kiatu chake kabla ya kitu kingine chochote. Nikarudi nyuma hatua chache, nikahakikisha kinaonekana.

Kisha nikaenda kufungua meza.